Kina Alichokihifadhi Bibi

Nilikuwa na umri wa miaka 15 nilipomsahihisha bibi yangu mbele ya wageni wake, na ikapita miaka mingine zaidi ya 15, pamoja na safari ndefu ya kwenda Kanada kusoma mashairi ya Kifaransa ya Zama za Kati, ndipo nikatambua kwamba aliyekosea jioni ile ni mimi.

Bibi alizaliwa Lamu akaolewa Mombasa. Herufi za Kirumi hakuzijua, ila msahafu aliusoma vizuri, na Utendi wa Mwana Kupona alikuwa nao wote kichwani kama alivyoupokea kwa mama yake. Aliughani kila alipoombwa, hasa siku za kukaribia harusi, wakati wanawake wa mtaani walipokusanyika uani kwetu baada ya Alasiri kutunga asumini. Mimi nilikuwa nimeazima kitabu chenye utendi huohuo kwa herufi za Kirumi, na jioni hiyo nikakaa nyuma yake nikimfuata kwa kidole, mstari kwa mstari, huku nikifurahi ndani kwa ndani kwamba na mimi sasa ninaujua. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza. Alifika pale mama mgonjwa anapomwita binti yake aje akae karibu, na kitabu changu kilisema hivi:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Bibi akaghani "hadisi". Nikamkatiza: "Bibi, ni hadithi, si hadisi. Imeandikwa hapa." Akanyamaza, akageuka kunitazama, kisha akasema kwa upole, "Haya, mwanangu, soma wewe." Nikasoma beti nane au tisa kwa sauti ya darasani, bila mahadhi, bila kumtazama mtu. Wanawake wale, ambao siku zote bibi alipoghani walimwitikia kwa "ee" na "kweli hayo", na ambao baadhi yao walifuta machozi penye maneno ya maradhi, waliendelea kutunga maua kimya, na baada ya muda mmoja wao akaanzisha habari ya bei ya samaki. Bibi hakunigombeza. Alichukua sindano na uzi akatunga pamoja nao, na utendi ukaishia hapo.

Niliendelea na masomo nikichukua Kifaransa, nikapata shahada Nairobi, na mwaka 1998 nikapata nafasi ya kusoma uzamili Montréal. Paul Zumthor, ambaye vitabu vyake vilibadilisha namna yangu ya kusikia mashairi, alikuwa amefariki katika mji huo Januari 1995, kwa hiyo sikuwahi kumwona. Nilichokikuta ni vitabu, na watu waliokuwa wakimtaja kama mtu aliyetoka sebuleni sasa hivi. Alizaliwa Geneva mwaka 1915, akakulia na kusoma Paris, akafundisha Amsterdam kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akahamia Chuo Kikuu cha Montréal. Alikuwa mtaalamu wa fasihi ya Zama za Kati, lakini pia alitunga mashairi na riwaya, jambo ambalo naamini lilimsaidia kuuliza maswali ambayo wenzake hawakuyauliza.

Kazi yangu ilihusu Wimbo wa Roland, utenzi mkubwa wa Kifaransa cha kale juu ya vita vya mwaka 778 vya Roncevaux, njia ya milimani kati ya Ufaransa na Hispania. Wimbo huo umetufikia katika nakala kadhaa za mkono, na iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya karne ya 12 iliyohifadhiwa Oxford, katika maktaba ya Bodleian, yenye namba Digby 23 na mistari 4,002. Nakala nyingine, kama ya Châteauroux na mojawapo ya zile za Venice, zina zaidi ya mistari 8,000, tena kwa vina kamili, ilhali nakala ya Oxford inatosheka na mlingano wa vokali mwishoni mwa mistari. Nilichagua pale Roland, shujaa wa wimbo, anapolipuliza baragumu lake kumwita mfalme Charles, nikachora jedwali kubwa: safu ya nakala ya Oxford, safu za nakala nyingine, na safu ya mwisho niliyoipa kichwa cha habari "Makosa". Mstari uliozidi mizani niliuingiza humo, na uliopungua, na neno lililoandikwa kwa tahajia isiyolingana na jirani zake. Niliifanya kazi hiyo kwa miezi minne kwa bidii ya kweli.

Mwalimu aliyenisimamia alilitazama jedwali langu kwa muda mrefu, akaweka kidole juu ya safu ya mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Ni kosa kwa nani?"

Sikuwa na jibu, na nikaanza kusoma upya. Niliona kwamba jedwali langu halikutoka hewani. Katika karne ya 19 elimu ya kuhariri maandiko ya kale ilijengwa juu ya njia inayohusishwa na Mjerumani Karl Lachmann: ukusanye nakala zote, ulinganishe makosa yanayofanana ili ujue ipi imetokana na ipi, kisha upande mti wa ukoo hadi ufikie shina, yaani andiko la kwanza ambalo halipo tena. Mfaransa Joseph Bédier aliitilia shaka njia hiyo mwaka 1913, baada ya kugundua kwamba miti ya wahariri karibu yote huwa na matawi mawili tu, jambo linaloonyesha mkono wa mhariri kuliko historia ya nakala. Akashauri tuchague nakala moja iliyo bora na tuiguse kidogo iwezekanavyo. Hata hivyo njia zote mbili zilinifundisha kutafuta shairi moja lililo sahihi nyuma ya mengi yaliyoharibika. Ndicho nilichokuwa nacho kichwani nikiwa na miaka 15 na kitabu mkononi, bila kumjua Lachmann wala Bédier.

Zumthor alitoka upande mwingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1972 alieleza kwamba shairi la Zama za Kati, hasa lile lisilo na jina la mtunzi, halikuwahi kuwa na umbo moja la mwisho. Kila nakala ni kituo kimoja katika safari yake, na tofauti kati ya nakala ni sehemu ya uhai wake. Hali hiyo aliiita mouvance. Nilihangaika sana kulitafutia neno hilo Kiswahili chake, nikajaribu "mwendo", nikajaribu "mageuko", na yote yalionekana kana kwamba shairi linaondoka lilipo. Kinachonijia kila mara ni jahazi lililotia nanga bandarini Lamu: linabembea kwa maji na upepo, leo limeelekeza omo Shela na kesho Manda, na bado ni jahazi lilelile na nanga ni ileile. Kwangu neno lake ni kubembea.

Miaka ya baadaye alizidi kuuacha wino na kuisogelea sauti. Mwaka 1983 alitoa kitabu juu ya ushairi wa mdomo, kinachochukua mifano yake kutoka mabara mengi, Afrika ikiwemo, na mwaka 1987 kingine juu ya herufi na sauti katika fasihi ya Zama za Kati. Humo anasisitiza kwamba mashairi mengi tunayoyasoma kimya maktabani yaliwafikia watu wa zama zile kwa masikio, hata yalipokuwa yameandikwa, kwa sababu kusoma kwenyewe mara nyingi kulikuwa ni kutamka mbele ya wengine. Anatufundisha kutafuta ndani ya andiko alama za sauti iliyopita humo: wito kwa wasikilizaji, "sikilizeni mabwana", marudio, viapo, mahali msimulizi anaposimama kuvuta pumzi. Msomaji wa tenzi atazitambua bila kufundishwa na mtu. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unaanza kwa "Negema wangu binti", yaani jongea karibu, na mstari wa tatu unamwambia binti "upulike", asikilize.

Kitabu kilichonigusa kuliko vyote ni kidogo, kilichotokana na mihadhara yake, kilichotoka mwaka 1990. Humo anakumbuka ujana wake wa miaka ya 1930, alipokuwa akipita mitaa ya Paris kwenda na kurudi shuleni na kuwakuta waimbaji wa barabarani. Watu 15 au 20 walimzunguka mwimbaji, wimbo wenyewe ulikuwa mwepesi, na ubeti wa mwisho waliuimba pamoja, na karatasi yenye maneno iliuzwa kwa senti chache. Lakini kulikuwa pia na porojo za muuzaji, wasichana waliokuwa wakipita, kelele za barabara, na mbingu ya Paris inayogeuka zambarau mwanzoni mwa baridi chini ya mawingu ya theluji. Yote hayo, anasema, yalikuwa ndiyo wimbo. Alipoinunua karatasi akaisoma, hakuna kilichofufuka. Alipojaribu kuuimba mwenyewe kwa kumbukumbu alisogea kidogo, lakini haikutosha.

Nililisoma fungu hilo usiku wa Februari, theluji ikianguka nje ya dirisha la maktaba, nikafunga kitabu kwa sababu sikuweza kuendelea. Niliuona uani kwetu, sinia ya asumini, sindano, wanawake wenye "ee" yao, na bibi akiwa katikati. Nilichokikatiza jioni ile kilikuwa kitu kizima chenye watu kumi na harufu ya maua ndani yake, na nilikikatiza kwa ajili ya herufi mbili.

Nikarudi chumbani. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikaughani ubeti ule kwa sauti yangu, kwa mahadhi ya bibi kama nilivyoyakumbuka, polepole, nikisikiliza miisho. Ujilisi. Karatasi. Hadithi. Nikarudia, na mara ya pili sikio likakwama palepale. Vipande vitatu vya kwanza vya ubeti wa utenzi hutakiwa kushika kina kimoja, na kina cha ubeti huu ni "si". Bibi, ambaye hakujua neno lolote la nadharia ya ushairi na hakuwahi kuuona ubeti huo kwa herufi za kitabu changu, alikuwa akikihifadhi kina kwa ulimi: ujilisi, karatasi, hadisi. Kitabu kilihifadhi asili ya neno katika Kiarabu, na kina kikapotea machoni. Sidai kwamba najua Mwana Kupona binti Mshamu mwenyewe alitamka vipi, wala kwamba kitabu kimekosea. Watu wetu wengi huandika "thelathini" na kusema "selasini", na hakuna anayewazuia. Ninachojua ni kwamba nilimwambia mtu mwenye sikio zima kwamba amekosea, kwa ushahidi wa karatasi ambayo haina sikio.

Tangu usiku huo sikusoma tena mstari wa Roland kwa macho peke yake. Kila asubuhi kabla ya kufungua jedwali nilitamka ukurasa mmoja kwa sauti, na kwa kuwa matamshi ya Kifaransa cha kale yana sheria zake, nilijifunza hizo kwanza. Mstari wake una silabi kumi, na kwa kawaida pumzi hukatika baada ya ya nne, kama katika "Halt sunt li pui / e li val tenebrus", milima ni mirefu na mabonde yana giza. Ukiusoma kimya, mkato huo ni hesabu tu. Ukiutamka, unasimama juu ya mlima kwa silabi nne na kuteremka bondeni kwa sita. Mtu aliyelelewa na mizani nane za utenzi hahitaji kuelezwa nguvu ya jambo hili.

Na baragumu, ambalo nilikuwa nimeliwekea alama nyingi kuliko mahali pengine popote. Katika nakala ya Oxford Roland analipuliza katika mafungu matatu yanayofuatana, kila fungu likianza kana kwamba lile la kwanza halikuwahi kusemwa: analiweka mdomoni na mfalme anasikia kutoka mbali; analipuliza kwa uchungu, damu inamtoka kinywani na panja lake linapasuka; kinywa chake kina damu na analipuliza tena. Nilikuwa nimeandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba mnakili pengine amechanganya matoleo mawili. Nilipoyatamka yote matatu mfululizo, vokali ya mwisho wa mistari ikibadilika kila fungu kama mwimbaji anayehamisha sauti, nilielewa kwamba muda wa hadithi umesimamishwa makusudi. Roland anakufa kwa kulipuliza baragumu hilo, na msikilizaji hapewi ruhusa ya kulipita haraka. Bibi alifanya hivyohivyo penye maneno ya maradhi: aliurudia ubeti, mara nyingine mara tatu, kila mara chini zaidi, mpaka wanawake waache sindano.

Safu ya "Makosa" niliifuta. Kazi ilichelewa mwaka mzima, nikapungukiwa na fedha, na sikujuta hata siku moja.

Kuna mahali ambapo nilibishana na Zumthor peke yangu kwa muda mrefu. Kurasa zake nyingine zinaipenda sauti kiasi kwamba mtu anaweza kuzisoma akatoka na dhana kwamba wino ni kaburi la shairi. Lakini yeye mwenyewe alizitenga hali mbalimbali za ushairi wa sauti, na mojawapo ni ile ya mchanganyiko, ambamo maandishi yapo ila watu bado wanaishi kwa masikio, na hiyo ndiyo iliyonifaa kuliko zote, kwa kuwa ndiyo ya pwani yetu. Utazame tena ubeti wa bibi. Mama anasema ana neno moyoni anataka kulitamka, na papo hapo anamwagiza binti aje na wino na karatasi. Sauti na kalamu zimeitwa kwa pumzi moja. Mgonjwa anasema, binti anaandika, na karatasi ile inakuwepo ili vinywa vingine vije kuisema tena.

Niliporudi nyumbani mwaka 2004, ndugu mmoja wa ukoo alinionyesha nakala ya utendi huo iliyoandikwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu. Nilidhani sasa nitasoma kwa urahisi, nikaumbuka kwenye mstari wa kwanza. Hati za Kiarabu zina alama tatu za vokali na Kiswahili kina vokali tano, kwa hiyo "i" na "e" huandikwa kwa alama moja, na "u" na "o" vilevile. Katika nakala za zamani "p" mara nyingi huandikwa kwa herufi ya "b". Anayeusoma utendi ulioandikwa hivyo ni yule ambaye tayari ameusikia. Karatasi ile ilikuwa inamkumbusha mtu, haikuwa inamfundisha. Ndugu yangu aliweza kuisoma kwa kuwa alianza kuighani kwanza, kisha macho yakafuata.

Siku hizi ninapokwenda kuchukua tenzi kwa wazee, kazi ninayoifanya kidogo kidogo kila likizo, siendi na maandishi mkononi. Ninaomba nighaniwe mwanzo hadi mwisho, sikatizi hata nisipoelewa, na ninaandika pia nani alikuwepo, walikuwa wakifanya nini, waliitikia wapi na walinyamaza wapi. Vijana ninaofuatana nao huniuliza kwa nini ninapoteza wino kuandika kwamba mtu fulani alikuwa akipepeta mchele. Huwapa kile kitabu kidogo cha mwaka 1990 chenye mbingu ya zambarau, wale wanaojua Kifaransa, na wengine nawasimulia habari ya asumini.

Bibi alifariki nikiwa bado Montréal. Sikuwahi kumwomba radhi kwa kinywa changu, na hilo ni zito kwangu mpaka leo. Lakini mjomba wangu alikuwa amemrekodi kwenye kaseti, uani palepale, miaka michache baada ya jioni ya kitabu, na alinikabidhi kaseti hiyo ikiwa imefungwa ndani ya leso. Naijua kila sekunde yake. Kikombe kinawekwa kwenye kisahani, mtoto anacheka mbali, bibi anakohoa kidogo, anasema bismillahi, kisha anaanza: negema, maradhi, ndoo mbee ujilisi. "Moyoni nina hadisi," anaghani, wazi kabisa, "nimependa kukwambia." Hapo adhana ya Magharibi inaingia na sauti yake inakatika. Mjomba hakuizima mashine. Inasikika adhana, halafu hakuna neno, mikeka tu inayokunjwa na kukunjuliwa na maji yanayomiminwa. Sauti yake inaporudi haianzi ilipoachia. Anaanza upya kwenye "Negema", taratibu kuliko mwanzo, na alipofika ubeti uleule anaghani, "Moyoni nina hadisi, natamani kukwambia." Nimehesabu: mizani ni nane kote kuwili. Katika daftari nimeyaandika yote mawili sambamba, "nimependa" kulia na "natamani" kushoto, na kati yake nimeacha nafasi ya mistari minne kwa ajili ya adhana.